Mbuzi wa Mgeni

Bingwa hakuwa mtu wa kukupa kiganja. Ukimnyooshea mkono yeye alikupa kifundo, kama mama aliyekatizwa akikanda unga, ukabaki umeshika mfupa na mkanda wa saa huku ukijiuliza kama umesalimiwa. Wageni walidhani anaringa. Sisi wa thieta, chumba cha upasuaji, tulijua anavitunza vidole. Hakubeba ndoo, hakufungua kifuniko kilichokaza, na siku ya kushona mishipa hakugusa chai kwa sababu alisema chai inaleta mtetemo. Mimi nilikuwa muuguzi wake kwa miaka mingi, nikimkabidhi vifaa upande wa kulia, na kile kiganja nilikiona kila siku lakini sikuwahi kukishika.

Jina lilitokana na cheo, daktari bingwa wa upasuaji, halafu likamganda. Hata akina mama wauza ndizi pale getini walimwita hivyo. Hakulipenda. "Bingwa ni wa ngumi," alisema. "Mimi ni fundi cherehani." Tulicheka, tukaendelea kumwita Bingwa.

Kushona ndiko kulikompa sifa. Alikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, na sindano ambayo ikidondoka sakafuni unaitafuta kwa sumaku, na hadubini ya zamani aliyopewa na chuo alikosomea nje, ambayo taa yake haikuelewana na umeme wa Mwanza. Umeme ukikatika alinyanyua mikono hewani akasubiri jenereta. Jenereta ikigoma, alibaki hivyohivyo amenyanyua mikono, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani chini ya barakoa, na sisi wote tukisimama kama tunaombewa. Mshipa mwembamba kama njiti ya kiberiti, uliokatika vipande viwili, yeye aliuunga ukawa mmoja na damu ikapita. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama unavyompenda mzazi mkali.

Alikuwa na usemi mmoja uliotuchosha: "Sijaona, sisemi." Ulikuwa wa kazini, lakini aliutumia mpaka pasipohitajika. Karani wetu alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, tumbo limemtangulia hatua nzima, akamtania, "Bingwa, unaonaje, ni wa kiume?" Akajibiwa, "Sijaona, sisemi." Redio ikitangaza kwamba timu ya mji imefunga, Bingwa alitingisha kichwa tu. Aliuamini uwanja, redio hakuiamini. Tulimcheka sana kwa hilo. Sasa hivi simcheki.

Na alikuwa na mambo yasiyopatana. Alipasua wanyama kwa ajili ya majaribio, lakini kuku akichinjwa karibu yake aliondoka. Nyama hakula kabisa. Alikula dagaa na majani ya maboga, akasema meno yake hayapendi kazi. Kwa wagonjwa alikuwa na maneno mengi na mazuri. Alikaa kitandani kwao, akachora mishipa kwenye shuka kwa kalamu, Metroni, mkuu wa wauguzi, akafoka kwamba wino hautoki, naye kesho akachora tena. Bibi asiyejua kusoma aliondoka pale akijua damu yake inapita wapi. Lakini nyumbani kwake Mkolani, alikoishi na mama yake mzazi, alikuwa bubu. Mama yule aliwahi kuniambia, "Mwanangu akirudi anakula, anakunywa maji, analala. Nasikia huko kwenu anaongea. Anaongea nini?" Nilimweleza kidogo, na alinisikiliza kama mtu anayeelezewa habari za jirani.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yalijaa, mitumba ilishuka kwa marobota, viwanda vya minofu ya sangara vikachipuka kando ya ziwa kimoja baada ya kingine, na ndege kubwa zikawa zinakuja kubeba samaki. Hospitali nayo ikaanza kuwaambia wagonjwa waje na glavu na nyuzi zao. Bingwa alisimama dirishani akaitazama ndege ikipaa juu ya maji. "Sangara anafika Ulaya," alisema, "mgonjwa wa Sengerema bado anasubiri kivuko." Kisha akarudi kunawa.

Viwanda vile vilituletea mikono. Vijana, wengi wao wasichana, walisimama kutwa kwenye meza zenye barafu wakiwa na visu vikali, vidole vimekufa ganzi, na kisu hakichagui nyama ya samaki na ya mtu. Wengi Bingwa aliwaunga. Kama kipande kizima cha mshipa kimeharibika, aliazima kipande kingine mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mguu una mishipa ya akiba. Lakini wapo wasiokuwa na cha kuazima. Kwa ajili ya hao alianza habari ya mirija.

Mirija ilitengenezwa ng'ambo na rafiki yake, mzee mmoja tuliyemwita Profesa, aliyemtumia kwenye vifurushi vidogo. Ilikuwa myeupe, laini, myembamba kama tambi. Mirija mikubwa ya namna hiyo ilikuwa inafanya kazi siku nyingi kwenye mishipa mikubwa ya tumbo na paja. Tatizo ni midogo. Kwenye mrija mdogo damu inapita polepole, inagusa ukuta isioujua, inaganda. Bingwa aliwaeleza wagonjwa hivi: "Damu haipendi nyumba ya ugenini. Inakaa mlangoni, na ikikaa mlangoni imeziba njia." Kazi ilikuwa kupata mrija ambao damu itapita ndani yake bila kujua kwamba imetoka kwake.

Tulianza na sungura, kwenye banda nyuma ya chumba cha dobi cha hospitali. Alimlaza sungura usingizi, akakata mshipa wa shingo, akapachika mrija, akashona kuzunguka pande zote mbili. Baada ya muda tulimlaza tena, tukafungua kuona. Kipimo chake kilikuwa kimoja, nacho alikiita kukamua. Alibana mshipa kwa koleo mbili ndogo, akaisogeza moja akiisukuma damu mbele kama anayekamua chuchu ya ng'ombe, mshipa ukabaki mtupu, mweupe. Kisha akaachia koleo ya nyuma. Damu ikirudi na kuujaza, njia ipo. Isiporudi, basi. "Njoo uone, Sista," aliniita, nami nikaweka jicho kwenye hadubini. Kwa muda mrefu sana nilichokiona ni mshipa mweupe usiojaa, na sungura mwingine wa kuzikwa. Kuwazika ilikuwa amri yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuwala. Wala hakuruhusu tuwape majina. Nakiri zile kazi za banda zilinichosha moyo, na siku nyingine nilimchukia.

Kisha Profesa akatuma mirija iliyobadilishwa ndani, na ile ikajaa damu. Nilipiga ukelele nikiwa na barakoa. Bingwa akasema, "Sungura si mtu," akatafuta mbuzi.

Mbuzi alitakiwa akae na mrija mwaka mzima. Hapo ndipo ugumu ulipo, na naueleza kwa sababu kila kitu kimeshikwa hapo. Huwezi kumfungua mbuzi kila mwezi ukachungulia, maana kila ukifungua unaumiza upya na jaribio limeharibika. Mwaka mzima unabaki na vidole tu. Bingwa aliweka vidole viwili shingoni mwa mbuzi, akafumba macho, akasikia mapigo. Lakini mapigo yanadanganya. Mrija ulioziba nao unasukumwa na damu iliyo nyuma yake, unadunda kama mzima. Na mbuzi mwenyewe haonyeshi dalili, kwa sababu kichwa chake kinalishwa na mshipa wa upande wa pili. Kwa hiyo mbuzi alikula, akaruka, akanenepa, na sisi hatukujua. Tungejua siku ya kumfungua na kumkamua, siku hiyo moja.

Siku hiyo alikuwa anaisubiri Kabula.

Kabula alikuwa mkata minofu. Kisu cha mwenzake mezani kiliteleza kikamkata kifundo cha mkono wa kulia, mishipa yote miwili. Bingwa alimshona, lakini kipande kiliharibika, na cha kuazima hakikuwepo: moto wa koroboi ulimuunguza miguu yote miwili akiwa mtoto, ngozi imejikunja mpaka mapajani. Aliazima kwenye mkono wa pili, mshipa mwembamba, ukaziba baada ya wiki chache. Tangu hapo ule mkono uliishi kwa damu ya kuombaomba. Ulikuwa baridi. Vidole vilimuuma akavifunga ndani ya kanga, akavikalia, akavipumulia. Ncha zikaanza vidonda.

"Mbuzi akimaliza mwaka na nikaona njia iko wazi," Bingwa alimwambia, "mrija kama ule nitakuwekea wewe."

Basi Kabula kila alipokuja kliniki alipitia bandani. Alimletea mbuzi maganda ya viazi. "Mwenzangu hajambo?" alituuliza. Ndilo jina alilompa, Mwenzangu, na Bingwa aliyekataza majina alijifanya hasikii. Nilimwona mara nyingine akimjibu: "Hajambo, anakusalimia."

Mwaka ukiwa unakaribia kutimia, banda letu lilipangishwa. Hospitali ilitakiwa ijitafutie mapato, ikampa banda mfanyabiashara wa soda aweke kreti zake. Bingwa hakubishana. Alimpeleka mbuzi nyumbani Mkolani, akamfunga peke yake chini ya paa la bati, mbali na mbuzi wa mama yake waliokwenda kuchungwa. Akamkatia majani yeye mwenyewe, akamlisha kwa mkono asubuhi na jioni. Mama yake aliyaona yote hayo. Hakuambiwa neno, zaidi ya kwamba Profesa anakuja na apikiwe.

Profesa alikuja kuona mbuzi akifunguliwa. Mimi na Bingwa tulimpokea uwanja wa ndege, mzee mrefu mwenye shingo nyekundu na viatu vya kupandia milima, amebeba mirija mipya kwenye begi la mkononi. Mpango ulikuwa apumzike kidogo Mkolani, ale, kisha tumchukue mbuzi twende thieta. Kabula naye alikuwa ameambiwa aje.

Tulipofika uani nilisikia harufu ya nyama. Sikuwaza kitu; mgeni amekuja, nyama itapikwa. Bingwa alikwenda moja kwa moja kwenye paa la bati. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mti, upande wa pili haina kitu.

"Mama," alisema taratibu, "mbuzi yuko wapi?"

"Si huyo." Mama alionyesha sufuria kwa mwiko, uso umejaa furaha. "Karibisha mugeni anawe."

Niseme ukweli, yule mama hakukosea. Kwao, na kwetu sote tuliokulia huku, mnyama anayetengwa na wenzake, haendi malishoni, analishwa kwa mkono mpaka ananenepa, anajulikana ni wa nani. Ni wa mgeni anayetarajiwa. Hakuna anayeuliza. Alfajiri alimwita jirani, mzee fundi baiskeli, Mwislamu, aje achinje ili kila atakayefika aweze kula, kama tunavyofanya siku zote. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa. Alidhani mwanawe bubu amemwandalia mgeni wake heshima, na yeye anaitimiza.

Bingwa aliifungua ile kamba mtini. Kisha akasema, "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe umewahi kuniambia nini?" mama alimjibu. Furaha ilikuwa inamtoka usoni kidogokidogo. "Niambie leo. Nimefanya nini?"

Hakumwambia. Aliuliza shingo iko wapi. Ilikuwa kwenye sufuria ndogo, fungu la mchinjaji, inachemka na chumvi na kitunguu. Aliitoa kwa koleo ya mkaa, akaiweka kwenye sinia, akatoka nayo nyuma ya nyumba. Mimi nikachukua sanduku la vifaa. Profesa akatufuata, mdomo wazi. Pale juu ya jiwe la kufulia Bingwa alivaa miwani yake ya kukuzia akaipasua ile shingo iliyoiva, mvuke ukimpanda usoni, akautoa mrija. Kisu kilikuwa kimeukata kati. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia.

Alikitazama. Profesa alikitazama. Wakasemezana Kiingereza kwa sauti ya chini. Damu iliyoganda zamani huwa ngumu na imepauka, inashika ukuta. Iliyoganda mnyama anapokufa ni nyekundu, inateleza kama maini. Mtu mwenye macho anazitofautisha. Lakini zikichemshwa zote ni uji wa kahawia. Kile kitu kingeweza kuwa kimekaa pale miezi, au kimeingia alfajiri ile.

"Damu ilirukaje?" Bingwa alimwuliza mama, aliyekuwa amesimama pembeni anajifuta mikono.

"Iliruka. Ilinilowesha huku na huku, mikono yote miwili." Alitunyooshea mikono kama bado imelowa.

Niliruka moyoni. Huku na huku! Lakini Bingwa alitikisa kichwa. Mshipa ukikatwa, damu ya upande usioziba inazunguka kichwani na kurudi chini kwa upande ulioziba. Nao utaruka. Si ushahidi.

Ndipo Kabula alipoingia uani, mkono wake ndani ya kanga, ana kifuko cha maganda ya viazi. Aliamkia kila mtu. Akatazama kamba, akatazama sinia. "Mwenzangu yuko wapi?" aliuliza. Mama, maskini, alimwambia, "Karibu chakula, binti."

Tulikula. Ndiyo, tulikula, kwa sababu mama alikuwa amepika na mgeni alikuwa amekaa. Bingwa asiyekula nyama alichukua kipande mbele ya mama yake akakitafuna mpaka mwisho. Sijawahi kuona mtu akitafuna namna ile.

Yaliyofuata niliyapokea kwa hasira na bado nina hasira kiasi. Mirija mipya ilikuwepo. Hadubini ilikuwepo. Kabula alikaa mbele yake kliniki akamwambia, "Daktari, mimi nakubali. Mwenzangu alikuwa anakula, alikuwa anaruka. Niwekee."

"Sijaona," Bingwa alisema.

"Mama yako aliona damu."

"Mrija ukiziba ghafla, utapoteza hata hiki kidogo unachopata. Kidole kimoja au viwili unaweza kuishi bila. Mkono wote..." Aliitazama ile kanga. "Tutaanza na mbuzi mwingine."

"Mwaka mwingine?"

Aliinuka akatoka. Nilimfuata koridoni nikamwambia maneno ambayo muuguzi hamwambii daktari. Nilimwambia anaogopa, na kwamba woga wake ameuvika koti jeupe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Inawezekana, Sista," alisema, akaenda kunawa.

Akamwekea mrija mbuzi wa pili. Wiki hiyohiyo. Safari hii alikaa chini na mama yake, akamchorea mishipa kwenye vumbi kwa kijiti, akamweleza kila kitu tangu sungura wa kwanza. Mama aliniambia baadaye kwamba alilia, na kwamba katikati ya kulia alifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kuongea naye jioni nzima.

Mkono wa Kabula haukusubiri. Ulianza kidole cha kati, kikawa cheusi, kisha viwili, kisha ugonjwa ukapanda kwenye kiganja, homa ikamshika. Bingwa ndiye aliyeukata, juu kidogo ya kifundo. Hakutaka mwingine aukate. Nilimkabidhi vifaa upande wa kulia kama siku zote, na yeye hakupiga mluzi. Kabula alipozinduka hakulia mbele yetu. Aliuliza tu atakulaje, kwa kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na kushoto kwao ni aibu. Hilo ndilo swali lake. Nilitoka nje nikalia kwenye kreti za soda.

Mwaka wa mbuzi wa pili ulipotimia, nilitayarisha vifaa. Bingwa akasema wiki ijayo. Wiki ikaja, akasema Profesa anaumwa, tumsubiri. Kisha hatukuzungumza tena habari hiyo. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na madaktari wengi walikuwa wanaondoka. Siku moja Bingwa naye aliaga, akafungua chumba chake Buswelu, cha malaria na kikohozi. Mama yake alifariki muda mfupi kabla. Hadubini ilibaki kwetu, imefunikwa shuka lenye wino. Mbuzi aliondoka naye.

Nilikaa muda bila kumwona, habari zake nikizisikia kwa watu. Mwishoni mwa miaka hiyo nilikutana na Kabula kwenye gati ya kivuko, anashuka kutoka Sengerema na ndoo ya dagaa, sasa ni mfanyabiashara, mnene kidogo, mwenye sauti. Tuliongea. Nikamwambia, bila kufikiri sana, kwamba yule mbuzi wa pili bado yuko hai kwa Bingwa.

"Hajafunguliwa?"

"Hajafunguliwa."

Alitazama maji. "Twende," alisema. "Leo nataka kuwa mgeni wa mtu."

Tulimkuta Bingwa nje ya nyumba yake, mvi zimemwenea, anakata majani. Mbuzi mzee alikuwa amefungwa peke yake, ndevu ndefu, tumbo kubwa. Bingwa alisimama akanijia, akanipa kiganja. Kiganja kizima, kikavu, kina sugu za panga. Nilishtuka nikakishika muda mrefu kuliko inavyostahili. Hakuwa anavitunza vidole tena.

"Shikamoo, Daktari," Kabula alisema, akamnyooshea mkono uliokatika.

"Marahaba." Aliushika ule mwisho wa mkono kwa kile kiganja, na hakuuachia upesi.

Tulikaa. Alitupatia maji. Habari za kivuko, habari za dagaa. Kisha Kabula akaelekeza kidevu. "Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo."

"Kwa nini hukumfungua?"

Bingwa aliyatazama majani aliyoyakata. "Nikikuta ameziba, sawa," alisema. "Nikikuta yuko wazi..." Macho yake yalikwenda kwenye mkono wa Kabula uliokatika. Mtu aliyetuchosha miaka yote kwa kutaka kuona, alikuwa amekaa na lile jambo uani kwake, analilisha asubuhi na jioni ili asilione.

"Daktari," Kabula alisema, "mbuzi aliyefungwa peke yake, analishwa kwa mkono, ni wa nani?"

"Wa mgeni."

"Na mimi leo ni nani?"

Aliita jirani wa kuchinja. Nilimwona akiingia ndani akatoka na miwani ya kukuzia na koleo mbili ndogo, amevisafisha, akasimama karibu. Niliona vidole vinamtetemeka, na ninajua hakuwa amekunywa chai. Mbuzi alichinjwa, akachunwa. Shingo ilipotolewa, Bingwa alinyoosha mkono. Kabula alikuwa mwepesi zaidi. Aliichukua kwa mkono wake wa kushoto akaitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yanachemka.

"Kabula!" nilisema. Mimi nilitaka kujua. Sifichi.

Hakunitazama mimi. "Ukiona, utasema," alimwambia Bingwa. "Na ukisema, mimi ndiye nitakayelala na hayo maneno. Usione."

Bingwa angeweza kuitoa. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanarudi kuchemka, na yeye alikuwa na koleo mkononi. Alisimama palepale mvuke ukimfunika miwani. Kisha akaivua, akaenda kutafuta chumvi.

Nyama ilikuwa ngumu, ya mbuzi mzee. Tulikula wote watatu na jirani. Shingo aliila Kabula, kwa mkono wa kushoto, bila aibu. Katikati ya kutafuna alisimama, akatoa kitu cheupe mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani pamoja na mifupa, akaendelea kula. Bingwa alikiona. Alishusha macho kwenye sahani yake, akachukua kipande kingine.

Jua liliposhuka tuliaga, Kabula asikikose kivuko. Kwa mazoea nilinyoosha mkono kuchukua ile ndoo ya dagaa, maana Bingwa hakubeba ndoo.

"Acha, Sista," alisema.

Akaiinua kwa mkono wa kulia, akatangulia njiani na Kabula, akaibeba mpaka kituoni.